Mkono Unaofunga Gesi

Euless, Texas
Tarehe 8 Juni 2024

Mpendwa dada Esperance,

Pokea salamu za mdogo wako Émile, nyingi kuliko karatasi hii. Hujambo? Miguu imepoa, au bado unazisingizia ngazi za kanisa? Watoto, shamba, majirani wa Keshero, wote wazima? Sisi tunamshukuru Mungu. Wifi yako Clothilde bado anafanya usafi uwanja wa ndege. Mwanetu Ushindi anakua, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, kisha ananicheka.

Nimeandika kwa karatasi, na Nicodème anayekuja Gisenyi atavuka mpaka aifikishe mkononi mwako, kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Haya yamenivuruga kichwa na nataka uyajue wewe kwanza.

Unajua niliacha ghala nikaingia karakana moja ya Arlington, kwa majaribio. Tunachomelea mabomba ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ya viwanda vya maziwa, bati lake jembamba. Mimi niliyechomelea mageti ya nusu ya Goma nilijiona nimefika. Kumbe geti hakuna anayelitazama kwa nyuma! Hapa msimamizi anamulika tochi ndani ya bomba. Nje mshono wangu uling'aa kama pete. Ndani ulikuwa mweusi, una vipele kama sukari iliyoungulia sufuriani. Maziwa yakinasa humo yanaoza.

Wanasema stenlesi ikiwa ya moto haitaki hewa. Kwa hiyo unaziba bomba, unaacha tundu dogo, unalijaza bomba gesi ya argoni ili ifukuze hewa, na gesi inaendelea kupita polepole mpaka mshono upoe. Nilifanya hivyo. Nikasafisha, nikapunguza moto, nikazima hata feni katika joto hili. Weusi palepale. Nikaambiwa nimebakiwa na jaribio moja, nikishindwa nirudi ghalani. Chakula hakikupita, dada. Nilifika mahali pa kumuuliza Clothilde kama kuna mtu wa ukoo niliyemkosea.

Aliyegundua ni Kathure, Mkenya ninayefanya naye kazi meza moja. Alisema, "Émile, mbona una-close gas kabla hujaanza ku-weld? Kila saa!" Nikabisha, "Mie? Apana, mie naiachaka wazi." Akanionyesha valvu. Imefungwa. Ni mkono wangu mwenyewe, na sikumbuki kufanya hivyo.

Akafikiri sijui kazi ya gesi, akanieleza: argoni ni nzito kuliko hewa, inalala chini na kuisukuma hewa nje. Dada, ni mazuku, ile hewa ya kuua ya kwetu. Najua si ileile, yetu inatoka ardhini, lakini tabia ni moja: haina rangi, haina harufu, inalala mabondeni ikimsubiri mtu. Siku ya kwanza kazini walikuwa wametuonya tusiingie katika tangi lenye argoni, mtu huanguka bila kelele. Nilisikia nusu, nikadhani yamepita. Mkono ulisikia yote. Ulimkumbuka mdogo wetu Isack alipomfuata mbuzi katika lile shimo la mawe, na sisi tukidhani mtoto amesinzia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini mimi hata unyasi sikuuona.

Nilimwambia Kathure habari za Isack. Hakucheka. Alhamisi, siku ya jaribio, alifungua mlango mkubwa wa karakana ili gesi isilale ndani, akasimama kando ya valvu asiniache niiguse. Nilichomelea huku nimebana pumzi kama mjinga. Msimamizi akamulika tochi: ndani peupe, pamelala sawasawa. Wakapiga makofi. Kazi nimepata.

Nikatoka nje nikalia kwenye maegesho, na mpaka leo sijui nililia nini. Nilifurahi, na nilikasirika, na nilimtaka Isack. Hewa ya namna ileile iliyomchukua mtoto wetu, huku inalinda maziwa ya watoto wa watu. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni, niambie: nifurahi tu, au namsaliti? Mimi nimeshindwa kujijibu.

Nisalimie shemeji Christian, Tania na Orpa, na baba mdogo Egide. Mungu awafunike usiku na mchana, awape chakula na usingizi.

Mama akikuuliza nimeandika nini, mwambie nimepata kazi. Akiuliza kazi gani, mwambie ya mabomba. Kinachopita ndani ya mabomba usimwambie.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa mbali,
Émile