Nilimwagia Majivu Mti wa Maua wa Marehemu, Sasa Mwanawe Ndiye Anayejilaumu

Bi Getrude mpendwa, kwanza nakusalimu, kama wanizidi umri basi ipokee shikamoo yangu, na kama mimi ndiye nakuzidi usihangaike, sote baridi ya nchi hii imetupiga sawa. Shule niliishia darasa la nne kwa hiyo utanisamehe mwandiko, na utanisamehe pia kwamba sijui pa kukata sentensi, maana jambo hili limenikaa kifuani na likianza kutoka halikatiki.

Naishi Husby, miaka mingi nilisafisha ofisi za Kista mpaka magoti yakakataa, sasa nimepumzika. Binti yangu Asteria ameolewa na kijana wa Kiswidi anaitwa Filip, wanakaa Upplands Väsby kwenye zile nyumba zilizoshikana na za majirani, nyuma kuna bustani, na kila Jumanne na Alhamisi napanda treni kwenda kumchukua mjukuu wangu Dalia shuleni kwa sababu wazazi wanachelewa kazini. Nyumba hiyo ilikuwa ya mama yake Filip, marehemu Gunvor, mkwe mwenzangu, na hapo bustanini kuna mti wa maua alioupanda yeye mwaka aliomzaa Filip, wenyewe wanauita rododendroni.

Mwanzoni niliudharau mti ule. Nilimwambia Asteria, mti gani huu, tunda hauna, mbuzi akila majani yake anaumwa, kuni zenyewe haba, akacheka, akasema, "Mama, si kila kitu ni cha kula." Lakini mwezi wa sita ulipofika, Bi Getrude, ukachanua. Maua mekundu ya kukaribia zambarau, yamefungana mashada mashada, kila shada kubwa kama kichwa cha mtoto, na nyuki wamejaa humo mpaka unawasikia ukiwa bado mlangoni. Gunvor akanivuta mkono akanikalisha kwenye kiti, akaleta kahawa. Kiswahili hajui, na Kiswidi changu mimi ni cha ndoo na deki, basi tukakaa saa nzima tunatazama, yeye anaonyesha ua anasema "fin", nami nasema "fin", yaani zuri, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kila mwezi wa sita kwa miaka mitano. Wako watu nimeongea nao sana nchi hii na siwajui kama nilivyomjua yule mama.

Kisha miguu yake ikaanza kumsumbua, akawa anatembea kwa kile kigari cha wazee cha kusukuma, na magurudumu yanazama kwenye nyasi. Filip akamtengenezea njia ya mawe na saruji kutoka mlangoni mpaka kwenye mti, alipiga magoti wikiendi tatu, mgongo umechomwa na jua, na mama yake kiangazi kile chote akawa anakwenda mwenyewe kwenye maua yake. Mwezi wa pili mwaka jana akafariki. Kabla hajaondoka, pale hospitali, alinishika vidole akasema, "Du tittar till den," Asteria akanitafsiria kwamba anasema wewe ndiye utakuwa unauangalia. Nikaitikia kwa kichwa. Mwezi wa sita mti ukachanua kama kawaida, kiti chake kitupu.

Sasa mimi kuangalia tu sijui. Kwetu Kamachumu ukiachiwa mgomba wa mtu unaulisha. Mama yangu alikuwa anatoa majivu jikoni anapeleka kwenye migomba, na migomba yake ilikuwa inanenepa mpaka watu wanauliza. Asteria na Filip wana jiko la kuni sebuleni, vuli ilipoingia wakaanza kuwasha na majivu wakawa wanatupa kwenye pipa, nikaona hii ni dhambi. Nikawa nayapoza, nayachekecha, nayazungushia shina taratibu, namwagia maji, namwongelesha Gunvor kidogo, halafu naenda kumchukua mtoto. Sikumwambia mtu, maana mwaka mmoja nilipanda maboga katikati ya nyasi zao bila kuuliza na Asteria alinifokea, "Mama, bustani hii usiiguse tena!"

Baridi kali ilipopiga, majani yakajikunja kama sigara yakaning'inia, nikajua mti una njaa, nikaongeza. Mwezi wa nne majani yakawa manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, nikaongeza tena. Mwezi huu umetoa mashada matano peke yake, matumba mengine yamekauka kabla ya kufunguka.

Alhamisi iliyopita Filip aliwahi kurudi. Akachukua udongo pale shinani, akautia kwenye kichupa na maji na dawa, rangi ikabadilika, akaja kukaa mezani jikoni na mikono yake ina tope. Aliongea polepole. Asteria akanitafsiria, "Anasema udongo umejaa chokaa. Anasema imetoka kwenye saruji ya ile njia. Anasema aliijenga kwa ajili ya mama yake na ndiyo iliyoua mti wa mama yake." Nilikuwa naosha vyombo, kikombe kikanitoka mkononi, hakikuvunjika, laiti kingevunjika ningepata cha kulilia. Asteria akamwambia, "Filip, ni mti tu." Akajibu, "Nej," yaani hapana, akatoka nje.

Nikamwuliza Asteria kwa kuzunguka, hivi majivu na chokaa ni ndugu? Akasema, "Kwa mti ule ni sumu ileile, kwani vipi?" Nikasema, nauliza tu.

Likizo ya Filip inaanza tarehe sita mwezi wa saba, na siku hiyohiyo ameazima nyundo kubwa ya kuvunjia njia yote na sururu ya kung'olea mti.

Nitamwambiaje, Bi Getrude? Nilivyolelewa mimi, mama mkwe hasemezani na mkwewe uso kwa uso. Filip akiingia najitanda khanga nahamia upande mwingine, mwaka wa tisa huu, sijawahi kuanza mimi kumsemesha. Namwambia Asteria, mwambie mwenzio chakula tayari, na mwenzie amesimama palepale. Kazoea, anacheka, anaiambia friji, "Tack, mamma," yaani asante mama. Na Asteria nikimwambia atasema si nilikukataza, ataninyang'anya ufunguo wa nyumba yao, na Dalia nitakuwa namwona Krismasi. Nimefikiria ninunue mti kama ule niupande kimyakimya. Nimefikiria ninyamaze, ung'olewe, yaishe. Lakini nikimwona yule kijana amesimama kwenye njia yake ameinamisha kichwa, naumia kama niliyemzaa mimi. Ameondokewa na mama, sasa anaamini ameharibu hata kile kidogo mama alichobakiza. Nisaidie nifanyeje, na majina badilisha, Asteria anakisoma kijarida hiki.

Mama mkwe, Husby

*

Mama mkwe wa Husby,

Pole, mama. Sasa kaa nikugombeze kidogo, kisha tutainuka.

Majina nimeyabadilisha, na barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kwa sababu tarehe sita haingoji foleni. Kabla ya kukujibu nilimpigia Fébronie, dada wa Bukavu anayeuza miche na maua huku kaskazini ya mji. Nilipofika kwenye majivu akapiga ukelele, "Majivu? Mon Dieu! Ile mama alikuwa anataka kuipika?" Nikamweleza habari za Gunvor. Halafu akasema, "Bon. Akwaruze tawi na kidole, pale kwa ganda. Kama chini iko kijani, ile mti iko muzima."

Basi hilo la kwanza. Mti huo hutaka udongo mchachu, kama ule wa chini ya misonobari, na majivu yanauondoa uchachu wote. Unakaa na njaa chakula kikiwa hapohapo mizizini, hauwezi kukila, ndiyo maana majani yamekuwa manjano. Na kule kujikunja wakati wa baridi haikuwa njaa, mama. Hufanya hivyo kila mwaka ili usikaushwe na baridi, jua likirudi hukunjuka wenyewe. Gunvor alikuambia uuangalie. Hakusema uulishe. Mwenye mti alijua anachosema.

Lakini kwa majivu sikulaumu. Ulichekecha, ulipoza, ulipanda treni. Mtu aliyetunza mti hivyo huwezi kumwita mharibifu. Ninakulaumu kwa Alhamisi. Siku ile ulijua, ukageukia vyombo, ukamwacha mtoto wa mwenzio atoke nje na mzigo wako mgongoni.

Heshima ya mkwe naijua. Mama yangu mzazi alikuwa akimsikia mume wangu anapiga hodi anatokea mlango wa uani, na alikuwa mnene. Heshima hiyo iliwekwa ili msije mkavunjiana adabu. Haikuwekwa ili ujitande khanga huku mwenzako akijihukumu kwa kosa lako. Na kununua mti mwingine kimyakimya lifute kabisa kichwani. Huyu bwana anaujua mti wa mama yake tangu anatambaa, utamdanganya na wa dukani?

Halafu kuna jambo unalijua na yeye kwa majonzi yake halioni. Hiyo njia ilikuwepo mti ulipochanua mwaka jana, na mwaka uliotangulia. Nimemwuliza Fébronie kuhusu saruji. Anasema huenda inachuja kidogo kandokando, lakini haifanyi kazi ya majivu ya majira mazima. Kwa hiyo unao ushahidi wa kumfungua, na umeukalia.

Jumanne hii nenda kama kawaida. Ufike uende moja kwa moja mtini, ukwaruze tawi la ndani kwa ukucha, ili ujue unachokwenda kusema. Filip akirudi mwambie Asteria abaki ndani na Dalia, na usimtume yeye akusemee. Toka nje ukasimame ubavuni kwa mkweo, nyote wawili mkitazama mti. Hapo hutamkazia macho wala yeye hatakukazia, na malezi yako yatakuwa yamebaki salama. Kiswidi cha ndoo kinatosha. Det var jag. Ni mimi. Onyesha udongo, sema aska, majivu. Onyesha njia, tikisa kichwa, sema nej. Usianze na migomba ya Kamachumu, wala maboga, wala magoti. Anza na ni mimi, kisha nyamaza. Akitaka kujua zaidi, hapo sasa mwite Asteria atafsiri, na Kamachumu itapata zamu yake.

Asteria atafoka. Mwache afoke, alikukataza na hukusikia. Akitaka ufunguo mpe bila kulia. Sidhani kama mwanamke anayetegemea bibi kumchukua mtoto mara mbili kwa wiki atakaa nao muda mrefu, lakini sitakuahidi. Hata akikaa nao mwaka mzima, bado ni afadhali kuliko hiyo nyundo ya tarehe sita.

Filip naye sijui atafanya nini. Anaweza kukasirika. Anaweza kuingia ndani asiseme kitu siku mbili, Waswidi wengi wana mtindo huo na hauna maana ya kukuchukia. Anaweza kulia. Akilia usikimbilie jikoni. Simama hapohapo.

Baadaye, kama tawi ni kijani, mwombe akufundishe. Fébronie anasema hivi: majivu na udongo wa juu vikwanguliwe kwa mikono, msiguse jembe, maana mizizi yake iko juujuu na ni myembamba kama nywele. Juu yake wekeni udongo maalumu wa rododendroni, unauzwa kwenye mifuko, kisha mfunike na sindano za msonobari, huko Väsby zimejaa msituni, beba mfuko na mjukuu wako mkaokote. Mmwagilie maji ya mvua. Mashada matano hayo yakinyauka, yavunjwe kwa vidole bila kugusa kichipukizi kilicho chini yake, hapo ndipo ua la mwakani linapojificha. Udongo upimwe tena vuli, na wa kupima awe Filip, wewe ushike kichupa.

Mti unaweza kuchukua miaka miwili kurudia kijani chake. Unaweza pia usirudi, mti ni mzee na umekula majivu mengi. Mti ukifa, Filip ataung'oa akijua sababu, na ile njia itabaki kuwa kitu alichomjengea mama yake naye akapita juu yake akiwa hai. Hilo liko mkononi mwako, mti wenyewe sina hakika.

Mifuko ya udongo ni mizito na magoti yako yamechoka. Abebe Filip. Na usimwambie Asteria amwambie. Mwambie wewe.

Bi Getrude