Mvuke Umebandua Karatasi za Gisèle

Réjean, uko? Nimeharibu, ndugu yangu.

Zile karatasi za maua za ukutani jikoni, alizobandika marehemu mke wangu Gisèle, zimebanduka. Zote, Réjean.

Wakubwa wa halmashauri wamepiga marufuku moto uani, eti moshi unawakera watu. Basi nikaliingiza ndani jiko langu la kuchemshia utomvu mtamu wa miti ya mepo. Ndoo nzima inakupa kikombe cha shira, maji mengine yote yanapanda hewani. Nayajua hayo tangu utoto, na bado nikachemsha jikoni kutwa.

Maryse mwanangu kaingia, kasimama mlangoni. "Baba, umefanya nini?"

Nikamwambia akawaulize halmashauri.

"Halmashauri ndio waliofunga madirisha?"

Nikageukia jiko. Niliyafunga mimi, nikikimbia baridi.

Sasa kapiga magoti sakafuni, anazinyoosha karatasi kwa kiganja, kipande baada ya kipande. Hanigombezi. Afadhali angenigombeza.

Kaniuliza tu, bila kuinua uso, "Shira yenyewe imetoka?"

Nimemwambia imeungua.

Haijaungua, Réjean. Imetoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupika, na nimeificha chini ya kitanda.