Jina la Babu Katika Ukumbi wa Kaloleni

Kaloleni, Nairobi
Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Nyanya yangu mpendwa,

Leo nitakuambia yote, hata lile lililomfanya Shangazi aache chai yake ipoe. Lakini kwanza, goti lako linaendeleaje? Mama ameanza kutoka nje? Na huyo ndugu yangu mchanga, bado analia vile? Shangazi alisema mtamwita majina ya wazee wetu waliotangulia, moja moja, mpaka anyamaze, kama mlivyofanya nilipozaliwa, nikanyamaza kwa jina la mama yako, likawa langu.

Sisi huku hatujambo. Unakumbuka kile kitabu cha mizimu wema nilichokusomea likizo ya Aprili, ukacheka mpaka ukashika mbavu? Sasa kinafanywa mchezo wa runinga, ndiyo sababu sikuja likizo hii. Wanarekodi katika ukumbi wa hapa Kaloleni, ule ambao wewe na Babu mlikuwa mkienda kucheza dansi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipeleka wanafunzi sita wajaribiwe, nami nikachaguliwa. Mimi ni mzimu wa mfanyakazi wa reli anayewaangazia watoto njia kwa taa yake.

Walikosa koti la kunifaa. Shangazi akatoa koti la Babu la reli, lile lenye vifungo vya shaba, akalipiga pasi na kukunja mikono mara tatu. Namshukuru sana, maana hulitoa mara moja tu kwa mwaka, kulianika.

Siku ya kwanza walinipaka unga usoni, nikapiga chafya mbele ya kamera. Rafiki yangu Mwende, anayeigiza mtoto aliyepotea, akasema, “Sasa wewe, umekufa kitambo na bado una mafua?” Ukumbi mzima ukacheka. Mwelekezi wetu, mama mmoja mpole, akaamua chafya ibaki.

Ndipo nikakosea. Kitabuni mzimu wangu hana jina. Mwelekezi akasema, “Mtoto hamwogopi anayemjua kwa jina. Wewe unaitwa nani?” Nilikuwa ndani ya koti la Babu, bado lina harufu ya dawa ya nondo. Nikajibu bila kufikiri, “Makokha.” Akafurahi, akaandika.

Nilipomsimulia Shangazi, aliweka kikombe chini.

“Nasambu! Jina la baba yangu umempa mzimu wa runinga, na mtoto nyumbani pengine analililia?”

“Sikufikiri, Shangazi.”

“Wewe mwenyewe unatembea na jina la mtu, halafu hukufikiri?”

Nilijua kwamba jina la Babu linamngoja mtoto, nami nikaligawa kama peremende. Nililia jikoni. Baadaye alinifuata, akanipangusa unga uliobaki sikioni, akasema, “Mwandikie mama yangu. Hilo jina ni la mumewe. Si langu, na si lako.” Alitaka tupige simu, kisha akasema jambo hili halifai kupigiwa kelele kwenye simu, na wewe sikio moja ni zito.

Mwelekezi hakunicheka nilipomweleza. Sehemu yangu itarekodiwa Alhamisi, naye atangoja jibu lako. Ukikataa, nitachagua jina lingine. Baba Sifa, mume wa Shangazi, anakuja huko kesho na lori la kazini, naye atarudi Jumatano. Mpe jibu mkononi.

Nyanya, asante kwa kunilea bila kuwaogopa waliotutangulia. Ulikuwa ukimwaga tone la chai chini kabla ya kunywa, ukimsemesha Babu kana kwamba amesimama mlangoni anavua viatu. Ndiyo maana naweza kusema maneno yangu bila kutetemeka: “Msiogope. Mimi ni Makokha, na taa inawaka.” Ningependa sana kuyasema katika ukumbi mliochezea. Lakini mtoto akilihitaji jina hilo, ni lake, na sitanuna.

Mwambie Mama anywe uji wa wimbi, hata akichoka nao. Msalimie Baba, na pia Mama Nekoye, mkunga aliyempokea mtoto, kama alivyonipokea mimi. Shangazi anakutumia majani ya chai na mapenzi yake.

Nijibu hili tu, hata kwa neno moja: mtoto alinyamaza mlipomwita nani?

Mjukuu wako akupendaye,
Nasambu