Maduara Kumi na Moja

Ngulyati, Bariadi
Jumapili, 14 Agosti 1994

Baba mdogo,

Leo nakuambia yote, hata lile nililoshindwa kulisema nilipopiga magoti kanisani asubuhi. Ukiona mwandiko umepinda, ni kwa kuwa naandikia gotini. Sijawa mzembe.

Tangu tukuzike mwezi wa nne, mengi yamebadilika. Pamba haipelekwi tena kwa chama cha ushirika peke yake. Malori ya wanunuzi binafsi yanakuja mpaka huku kwetu, na Bariadi mjini mitumba imejaa kila kona. Lakini josho la kuogeshea ng'ombe limekauka. Dawa ya serikali haiji, kila mtu ajinunulie. Baba mkubwa alisema atanunua akishauza pamba. Kupe hawakungoja. Ng'ombe tisa wamekufa.

Sasa lile lenyewe. Mwezi wa sita nilifungua sanduku lako, lile lililo chini ya kitanda cha Bibi, ulilomwachia ukamwambia, "Mama, nitunzie." Nikatoa kile kioo ulichopigia picha ya nyota kwa darubini. Nilitaka kumringia Nkwimba, binti wa Baba mkubwa, kwamba baba yake ni mkulima lakini mdogo wa baba yake alipima mbingu. Nikakiinua juani kama ulivyonifundisha, nikamwonyesha jinsi nyota zinavyotokea nyeusi na giza linavyokuwa jeupe. Baba mkubwa alikuwa nyuma yetu. Akaona vidoti vyeusi, na maduara yako kumi na moja ya wino mwekundu.

"Kabula, hizi alama ni za nini?"

Nilijua. Ni galaksi kumi na moja, makundi ya nyota yaliyo mbali mno. Uliishi nazo miaka saba kwenye ile nchi ya baridi, ukipima mwanga wake, na ndani ya mojawapo nyota ililipuka, ikang'aa, ikafifia moja kwa moja. Ulinieleza mara ngapi? Lakini niliyaona macho yake, nikaogopa, nikasema, "Sijui, Baba."

Wiki ile ile akafa ng'ombe wa kwanza.

Unakumbuka Baba mkubwa alivyokuwa akikutania? "Mdogo wangu kaenda Ulaya kuchunga nyota. Haya, zina maziwa?" Nawe ukamjibu, "Maziwa hazina, kaka, lakini haziingii shambani kwa watu." Tulicheka mpaka Bibi akamwaga uji. Sasa hacheki. Kila ng'ombe akifa anahesabu kwa sauti, duara moja kwa ng'ombe mmoja. Jana alisema, "Bado wawili." Anasema marehemu hahesabu ng'ombe wa watu, anayehesabu ni yule anayelala juu ya kile kioo.

Baba mdogo, yule ni mama yenu. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe anayopikia kwa kukosa kuni, kila mtu anajua, na bado watu wameanza kuyatazama kama macho ya mchawi. Majirani hawatumi tena watoto kuomba moto kwake. Siku hizi anafunga mlango kwa kigogo jua likiwa bado juu. Ananiuliza tu, "Umekula?" Alhamisi Baba mkubwa anakwenda Bukundi kwa mganga, na kioo anakichukua. Unajua anachoweza kufanyiwa bibi wa watu baada ya safari kama hiyo. Siwezi kuliandika.

Nimekuwa nikisoma daftari lako. Kuna kurasa zenye tarehe na maneno matatu tu: "Mawingu. Sikuona kitu." Niliwahi kukucheka, kwa nini upoteze karatasi. Ukasema, "Na hilo huandikwa. Nikificha siku moja, nani ataziamini nyingine?" Mimi nimeficha siku moja, na ona.

Kesho jioni ukoo unakaa uani. Sijawahi kusema mbele ya wazee bila kuulizwa, lakini nitapiga goti, niwasalimu, niseme kwamba nilidanganya. Nitawaonyesha tarehe uliyoiandika pembeni mwa kioo: ng'ombe hao walikuwa hawajazaliwa, hata mimi sikuwa nimeanza shule. Nitataja josho. Mwalimu wangu wa fizikia ameahidi kuja na baiskeli, ila sijui kama watamkaribisha. Mama amesema atakaa karibu yangu. Na Baba mkubwa si mtu mbaya. Siku ya kaburi lako alikataa kumpa mtu jembe, alichimba akilia. Nalishika hilo.

Pumzika, Baba mdogo. Mkeka wangu nimeuhamishia chumbani kwa Bibi, na nakuahidi hatalala peke yake tena. Daftari lako nitalisoma mpaka nilielewe lote, na nikifika chuo kikuu nitaendelea ulipoishia.

Ila nijibu mimi mwanao Kabula, kwa njia yoyote unayoiweza, kabla ya kesho jioni. Wakisema watamwacha Bibi endapo kioo kitavunjwa mbele yao, ilhali mwanga wa nyota ile iliyolipuka hautapigwa picha tena na mtu yeyote, nikivunje kwa mkono wangu?