Harufu ya Mbwa Sebuleni

Shoga, nimejifungia bafuni. Usinipigie, watasikia.

Mama mkwe amefika. Jana mbwa alinyeshewa akaja kulala kwenye zulia la sebuleni, basi asubuhi nzima nimemwogesha, nimemkausha kwa taulo mpaka masikioni, zulia nimelisugua kwa siki, madirisha yote wazi.

Kaingia, hata hajakaa, akasema, "Hapa pananuka mbwa aliyelowa."

Nikamwambia, "Mama, nimeshamwogesha." Akamwita mbwa, akainama, akamnusa kichwani. Mbele ya mawifi zangu wote.

Akasema, "Mbwa ni msafi." Halafu akanitazama mimi. "Sasa anayenuka ni nani?"

Anayenuka ni nani. Hivyo hivyo alivyosema.

Akatoa manukato kwenye mkoba akanipulizia shingoni, kwapani, taratibu, kama anaua mende. Mawifi wakacheka. Nikamtazama mume wangu aseme neno. Naye akacheka, akasema, "Mama, usisahau mgongoni."

Mgongoni, shoga. Baba wa watoto wangu.

Sasa hivi kagonga mlango polepole. Nikajua amekuja kuniomba msamaha.

Ameuliza chai itakuwa tayari saa ngapi.