Tuliapa Kutomsemea Mtu

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Semina imeanza. Wanafunzi wako likizo ndefu, chuo kimya kabisa, na sisi wafanyakazi ndio tumegeuka wanafunzi! Mimi wa dirisha la zahanati, matroni wa mabweni, wapishi, walinzi, madereva. Tumekaa ukumbi wa mihadhara, kwenye vile viti vya kukunja. Mpishi mmoja kiti kilimfunga ndani, ikabidi avutwe na watu wawili. Tulicheka mpaka basi.

Mkufunzi ni Bi. Selpher, mama wa makamo, sauti ya chini. Alisema vijana wa chuo wanaisha kwa ukimwi na hawaongei na daktari. Wanaongea na anayewapakulia chakula, anayewaendesha, anayewafungulia lango. Kwa hivyo tufunzwe ushauri. Hapo kicheko kiliisha. Mimi nimewaona dirishani pangu — wanakuja wamenona, wanarudi wamekonda, kisha hawarudi.

Kabla ya chai tukaapishwa. Tumesimama, mkono wa kulia juu. Kwanza, lililosemwa ukumbini libaki ukumbini. Pili, na hili Bi. Selpher alilirudia: mshauri hamsemei mtu. Unamsaidia aseme mwenyewe. Nimeapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi tena, nikishika jambo nimeshika.

Mwanzia naye yumo, kwenye kundi la madereva. Ananiita shemeji mbele ya watu, kifua mbele. Harusi yake na mdogo wangu Triza ni tarehe saba mwezi ujao. Mimi ndiye niliyewajulisha. Ilikuwa safari ya kumzika mwenzetu wa kazini, Triza akanisindikiza, Mwanzia ndiye aliyeendesha basi.

Jumatano, 7 Agosti

Sijui niandike nini. Niandike tu.

Leo tuliigiza, wawili wawili mbele ya darasa. Mmoja mshauri, mwingine anapewa kadi yenye mtu wa kuigiza. Nilipangwa na Mwanzia. Kadi yake: mwanafunzi wa mwaka wa pili, ameambiwa juzi ana virusi.

Alianza kwa mzaha, sauti nyembamba ya kijana wa chuo, watu wakacheka. Nikamwuliza kama tulivyofunzwa — ulijuaje? Kadi akaikalia. Kisha akasema, na sauti ikawa yake mwenyewe, kwamba alienda kupimwa baada ya kumzika Kalekye.

Kalekye hayuko kwenye kadi yoyote. Kalekye ndiye msichana aliyekuwa naye kabla ya Triza, akafia kwao Machakos mwezi wa tatu mwaka huu. Tuliambiwa ni kifua.

Niliendelea kuuliza. Ningefanya nini, na darasa zima linanitazama? Akasema siku hizi watu wakikaa kupanga sherehe yake, yeye anasikia wakipanga matanga.

Makofi! Matroni mmoja alipangusa machozi. Bi. Selpher akasema huyu ndiye mwigizaji wa semina nzima. Mwanzia akainamisha kichwa kushukuru. Kadi aliirudisha imekunjwakunjwa. Ni mimi tu niliyeiona, nadhani.

Mchana tulifunzwa kitu fulani. Sikusikia hata neno.

Alhamisi, 8 Agosti

Nilimngoja kwenye bomba nyuma ya jikoni, saa ya chai. Sikuzunguka.

"Ile ya jana ilikuwa kuigiza?"

"Hapana, shemeji."

Akaendelea kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

Anajua tangu Aprili. Alipima hospitali mbili, jibu moja. Hajamgusa Triza, ameapa kwa jina la mama yake — na mdogo wangu namjua, angeniambia. Nimemwamini. Nikamwuliza kwa nini basi alisema mbele ya watu wote wale.

"Pale ndio mahali pekee ningesema na hakuna mtu angeniskia."

Nikamwambia amwambie Triza, leo hii. Akasema anatafuta siku nzuri. Siku nzuri! Nilitaka kumpiga na kile kikombe. Nilitaka pia kumshika mkono, maana amekonda na mimi nilikuwa nimefikiri ni wasiwasi wa bwana harusi. Sikufanya hili wala lile. Kengele ililia tukaingia darasani.

Ijumaa, 9 Agosti

Tumepewa vyeti. Picha ya pamoja ngazini, mimi mstari wa mbele, uso wa kununa. Mwanzia alipigiwa makofi tena.

Wakati wengine wanakula sambusa nilimfuata Bi. Selpher. Nikauliza kama swali la darasani tu: na mshauri akijua mtu mwingine ataumia? Akasema unamsaidia mteja aseme mwenyewe. Na asiposema? Unaendelea kumsaidia. Mpaka lini? Akanitazama vizuri sasa. Akasema ukimsemea mmoja, kesho hakuna mwingine atakayekuja kwako, na wale wasiokuja ndio watakaowaambukiza wengine.

Ni kweli. Najua ni kweli, nimekaa dirishani miaka na naona wanavyonikwepa macho. Lakini Bi. Selpher hana mdogo wake katika hesabu hiyo.

Jumapili, 11 Agosti

Tangazo la kwanza. Kasisi alisoma majina yao mbele ya kanisa, la mwanamume wa Machakos na la msichana wa Vihiga, wote wa Nairobi. Halafu yale maneno: anayejua sababu ya haki ya kuzuia ndoa hii aseme. Siku zote hungoja kidogo. Siku zote mimi hutumia nafasi hiyo kutafuta sadaka kwenye mkoba. Leo Triza alinifinya goti kwa furaha, na mimi nimeshika benchi kwa mikono miwili. Mwanzia alikuwa mbele yetu, shingo imekakamaa.

Jioni kamati ya harusi ilikaa hapa kwetu Umoja. Mjomba Javan, ambaye ndiye baba yetu tangu baba afe, alifungua kwa maombi marefu. Mimi nimepewa kazi ya chakula. Nikawa naitikia: sufuria kubwa, ndiyo, kuku, ndiyo. Ndani nalia.

Jumanne, 13 Agosti

Nilienda gereji ya chuo. Nikaona viatu vya Mwanzia chini ya basi. Nikaongea na viatu. Nilimwambia sitamsemea, niliapa, lakini asidhani kunyamaza kwangu ni kukubali. Akatoka na mafuta usoni, akasema Jumapili, baada ya kanisa, wataenda mtaa wa Fedha kuona nyumba watakayopanga. Atamwambia huko, wakiwa wawili.

Nilimwambia nitaomba. Ninaomba.

Jumapili, 18 Agosti

Tangazo la pili. Nimeomba kanisani mpaka magoti yakauma.

Waliondoka saa saba. Nilikaa kwenye kochi nikimngoja Triza arudi analia. Nilikuwa nimepanga hata maneno, nimechemsha maji ya kumnawisha uso. Alirudi anaimba! Nyumba ina dirisha kubwa upande wa jua, na mapazia atashona mwenyewe, ya rangi ya maziwa, na Mwanzia amekubali kila kitu, hakubishana hata kidogo, mwanamume mpole namna gani huyu.

Hakusema. Mwoga. Mwoga mkubwa! Nikaenda chooni nikafungulia bomba.

Halafu nikafikiria — mimi je, ningesema? Ningeanza na neno gani?

Jumatano, 21 Agosti

Triza anashona gauni lake mwenyewe. Anatumia cherehani ya kazini kwao Kariobangi, wenzake wakienda yeye anabaki. Leo amelileta tuone. Amelivaa, akazunguka. Nikasema limembana mabegani.

Halijambana. Limemkaa hasa. Lakini sasa ameketi pale kitandani analifumua, na mimi namtazama uzi ukitoka, nikihesabu hiyo kuwa siku moja nimepata.

Alhamisi, 22 Agosti

Imekuwa vita. Asubuhi kabla ya kazi Triza ameniuliza usoni.

"Dada, kwani una shida gani na Mwanzia? Akikuja unanuna. Gauni ukaniharibia. Ni juu ya yeye kuwa Mkamba, si ndiyo?"

Nikisema si hivyo, atauliza basi ni nini. Nikisema ndivyo, ni uongo na ni dhambi. Nikabaki nimefungua mdomo. Yeye kaona hilo ndilo jibu langu.

"Nilijua. Wewe na cheti chako cha ushauri! Kumbe ni ukabila tu."

Nimemlea huyu tangu akiwa wa darasa la pili, nimemsuka nywele, nimemfundisha kusoma, na hajawahi kunitazama hivyo. Ameenda kukaa kwa Mjomba Javan. Mjomba amepiga simu ofisini asubuhi hiyo hiyo, akasema ameshangaa, watu wa kanisa hatuko hivyo, Jumapili niombe msamaha mbele ya kamati.

Nimesema sawa, Mjomba. Niwe mkabila basi. Inauma, Mungu wangu. Inauma kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 23 Agosti

Gereji tena. Sikuongea na viatu leo, nilimwita atoke.

Nilimwambia yaliyonipata. Alikaa juu ya gurudumu, kichwa chini. Nikamwambia kesho saa tisa, kwetu. Nitamwita Triza aje kuchukua nguo zake. Nitakuwa jikoni, sitafungua mdomo. Lakini keshokutwa kasisi anauliza kwa mara ya tatu, na sijui kama miguu yangu itaniskiza nikiiambia ikae.

"Akiniacha?" akauliza.

Nikasema hilo ni lake kuchagua. Hata kubaki ni lake kuchagua. Lakini achague anajua.

Analia kimya, huyu mwanamume. Nilimshika bega. Hasira haikuisha.

Jumamosi, 24 Agosti

Saa tisa na kitu. Niko jikoni. Pazia tu kati yetu. Nimejifanya napika chai, na chai kweli iko kwenye stovu, lakini siwezi kusimama tu, kwa hivyo naandika, daftari liko juu ya ndoo.

Triza amekuja saa nane, hajanisalimu vizuri, amefunga nguo zake kwenye mkoba. Mwanzia amekuja amevaa koti la Jumapili. Amenyoa. Amesema hodi mara mbili mlango ukiwa wazi.

Wanaongea. Mwanzia anauliza safari ya kutoka kwa Mjomba ilikuwaje. Triza anasema poa.

Anasema, Triza, kuna kitu. Triza anasema ee?

Anasema ni kuhusu keki.

Keki!

Sasa wanaongea keki. Ya ghorofa tatu au nne. Triza anacheka, anasema nne ni maringo. Yeye anacheka pia, kicheko cha kile kijana wa kadi. Mungu nishike ulimi.

Kiti kimelia. Amesimama. Anaaga! Anasema gari la chuo linamngoja, tutaonana kesho kanisani. Triza anatafuta viatu amsindikize, anaimba imba.

Nimetoka. Nimepita katikati yao, nimefunga mlango wa nje kwa ufunguo, nimerudi jikoni. Ufunguo uko chini ya kiganja changu cha kushoto ninapoandika. Sikusema neno ila moja, chai haijaiva.

Triza amepiga kelele: dada, wazimu gani huu, fungua! Anasukuma mlango. Anasema atamwita Mjomba, atawaita majirani. Anamwambia Mwanzia aone mwenyewe chuki yangu ilipofika.

Mwanzia amesema, "Muache. Si yeye."

Kiti kimelia tena. Ameketi.

Triza ameacha kusukuma mlango. Anamwuliza si yeye nini. Anamwuliza tena, sauti imeshuka. Viatu ameviangusha, nimevisikia kimoja baada ya kingine.

Chai inafurika, inamwagika kwenye stovu. Siigusi. Mwanzia amelitaja jina la Kalekye. Nikisogeza sufuria sitasikia yanayofuata.