Kitabu cha Mwethya

Jumatatu, 8 Agosti 1983
Zamu yangu imefika! Mwethya wetu, kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi, tukishachimbiana mitaro, humnunulia mmoja wetu kitu anachotaka. Nthenya alipata sufuria, Ndila mabati. Mimi nimeomba kitabu cha uhakiki wa riwaya za zamani. Kicheko! Kalunde, mwenyekiti wetu, akauliza kama kinapikwa na mahindi.

Wacheke tu. Novemba narudia mtihani wa Fomu Siksi, private, bila kwenda shule. Mwaka jana fasihi iliniangusha. Nikianguka tena sijui kama nitakuwa na moyo wa kurudi.

Jumanne, 9 Agosti
Nimeshuka sokoni Mukuyuni. Yakub wa duka la vitabu anavyo viwili. Cha kijani: chembamba, maswali na majibu nyuma, mtihani mtupu. Chekundu: kinene, msomi anagombana na wasomi wenzake kurasa mia tatu! Ameniazima vyote hadi Ijumaa. Mlima wote nimepanda nikiimba.

Alhamisi, 11 Agosti
Leo shambani kwa Ndila wameniambia nikae nisome, wao wachimbe. Nikafungua chekundu. Msomi anasema mjane wa riwaya moja aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho ni ishara ya jamii iliyoshindwa. Weh! Majembe yakasimama. Nthenya: ishara gani, si huyo ni mtu? Ndila akasema msomi yuko sawa, ng'ombe wa mwisho hauzwi. Kalunde akaja juu — yeye aliuza wake mwaka wa njaa, na watoto wake wote wako hai, sasa nani ameshindwa? Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mtaro haukuisha. Miaka tisa nafundisha shule ya msingi, sijapata darasa kama hilo!

Ijumaa, 12 Agosti
Nimerudisha vyote. Nimemwambia Kalunde: kijani. Roho inataka chekundu, lakini roho haisahihishi mtihani. Akasema "sawa, Mwalimu" — haraka sana.

Jumamosi, 13 Agosti
Wamekuja na nyimbo na vigelegele, kifurushi kimefungwa kwa leso. Nafungua — chekundu! Kalunde hana hata haya. Walipiga kura dukani mbele ya Yakub. Kijani kilipata moja, ya Nthenya, alinionea huruma. Nikauliza, na mtihani wangu je? Ndila akasema maswali wataniuliza wao, na sitatoka hapo na jibu la nusu.

Nimeingia chumbani eti natafuta miwani. Nacheka huku machozi yananitoka. Ningepaswa kuwa na hasira, lakini sina. Huko nje sauti zimepanda, wameanza kubishana bila mimi, na kitabu chenyewe ninacho hapa mkononi. Wananiita —